Kiu ya Sayari Nyingine: Kuhakiki Filamu za Wanaanga Wanaopigania Uhai

Utangulizi

Tarehe 30 Desemba 2024, wakati wa alasiri, pete kubwa ya chuma ilianguka kutoka angani katika kijiji cha Mukuku, kaunti ya Makueni. Shirika la Anga la Kenya lilieleza kwamba pete hiyo ilikuwa na kipenyo cha takriban mita 2.5 na uzani wa kilo 500 hivi, na kwamba ilidhaniwa kuwa kipande cha roketi. Miaka 54 kabla ya hapo, tarehe 12 Desemba 1970, setilaiti iliyopewa jina la Kiswahili, Uhuru, ilirushwa angani kutoka jukwaa la San Marco lililoko baharini karibu na Malindi. Ni dhahiri, basi, kwamba mambo ya anga si mageni katika nchi yetu kama tunavyozoea kudhani.

Hata hivyo, mwanafunzi akitaja darasani filamu ya wanaanga waliokwama katika sayari nyingine, aghalabu huambiwa kwamba hayo ni mambo ya kujistarehesha, wala si fasihi. Makala haya yanakusudia kuonyesha vinginevyo. Ni kweli kwamba filamu haitahiniwi katika karatasi ya tatu ya Kiswahili. Lakini vipengele vinavyotahiniwa, yaani mandhari, ploti, mhusika, mgogoro, taharuki, ishara na dhamira, vyote vimo ndani ya filamu, tena vimo kwa namna inayoonekana kwa macho. Mtahiniwa anayeweza kueleza kwa nini mhusika wa filamu anahesabu viazi vyake hataona taabu kueleza kwa nini mhusika wa riwaya anahesabu shilingi zake.

Makala yana dai moja. Ukitazama au ukisoma kazi ya aina hii, usikimbilie kuuliza, "Sayari hiyo ikoje?" Uliza kwanza maswali mawili: Ni nani anayehesabu maji? Na ni nani anayefuatwa akipotea? Ukiyajibu hayo, utakuwa umeifikia dhamira.

Chimbuko la utanzu huu

Masimulizi ya mwanaanga aliyeachwa peke yake yana babu yake katika riwaya. Mnamo mwaka 1719 Mwingereza Daniel Defoe alichapisha Robinson Crusoe, kisa cha baharia aliyevunjikiwa na meli akaishi kisiwani miaka mingi. Mwaka 1964, mwelekezi Byron Haskin alitoa filamu iitwayo Robinson Crusoe on Mars. Jina lenyewe linakiri deni: kisiwa kimegeuzwa sayari, na meli imegeuzwa chombo cha anga. Mwaka 2015, Ridley Scott alitoa The Martian, filamu iliyotokana na riwaya ya Mmarekani Andy Weir. Humo mwanaanga Mark Watney anaachwa katika sayari ya Mirihi baada ya wenzake kudhani amekufa katika dhoruba.

Zingatia jambo moja ambalo watazamaji wengi hulipita. Filamu ya mwaka 1964 ilipigwa katika bonde la Death Valley, jangwa la California. Sehemu za Mirihi katika The Martian zilipigwa Wadi Rum, jangwa la Yordani. Hakuna mpigapicha aliyekwenda Mirihi. Mwelekezi alitafuta ardhi ya dunia hii hii, ardhi yenye vumbi jekundu na isiyo na maji, nasi watazamaji tukakubali mara moja kwamba hiyo ni sayari nyingine. Maana yake ni nini? Ni kwamba katika fikra za mtazamaji, mahali pasipo na maji si pa dunia hii. Mwanafunzi wa Salama, Kibwezi au Mutomo ana haki ya kulishangaa wazo hilo, na mshangao huo ni mwanzo mzuri wa uhakiki.

Hatua nne za ploti

Ploti ya kazi hizi hufuata hatua nne ambazo ni rahisi kukumbuka:

(i) Kutengwa. Mhusika anakatwa na jamii yake, ama kwa ajali, ama kwa hukumu, ama kwa hiari yake.

(ii) Kuhesabu. Anakagua alicho nacho: hewa, maji, chakula, nishati. Hapa ndipo taharuki huzaliwa, kwa kuwa mtazamaji naye huanza kuhesabu.

(iii) Kubuni. Anatumia maarifa yake kukifanya kidogo kitoshe, au kukipata kisichokuwapo.

(iv) Kufuatwa au kutofuatwa. Jamii yake inaamua kama maisha yake yana thamani ya gharama ya kumwendea.

Wahakiki wachanga hupenda hatua ya tatu kwa sababu ina vituko vingi. Lakini hatua ya pili na ya nne ndizo zinazobeba dhamira. Hatua ya pili hutuonyesha kipi ni uhai. Hatua ya nne hutuonyesha uhai wa nani una bei.

Mandhari: si pambo la nyuma

Watahiniwa wengi hufafanua mandhari kuwa "mahali ambapo matukio hutokea," wakaishia hapo. Ufafanuzi huo si potovu, ila ni mfinyu. Katika kazi tunazozijadili, mandhari ni mpinzani wa mhusika mkuu. Angaza hewani Mirihi: hewa yake ni nyembamba mno, shinikizo lake halifiki asilimia moja ya shinikizo la hewa ya duniani, na sehemu kubwa yake ni kaboni dioksidi. Wastani wa baridi yake ni kiasi cha nyuzi 60 chini ya sufuri. Siku ya huko inakaribia yetu, saa 24 na dakika 39 hivi. Kwa hiyo jua litachomoza kama kawaida, ila halitamjali mtu.

Mwandishi huitumia sayari ya namna hiyo ili kuondoa. Anaondoa majirani, soko, serikali, mvua na hata hewa, mpaka mhusika abaki na swali moja tu: leo nitaishi kwa nini? Mbinu hii si ngeni katika fasihi simulizi. Katika ngano nyingi, mtoto hupelekwa msituni peke yake, akanyang'anywa kila msaada, ndipo tabia yake halisi ijulikane. Msitu wa ngano na sayari ya filamu hufanya kazi moja: hupima.

Sasa turejee nyumbani. Abiria anayetoka Nairobi kuelekea Mombasa hupita Salama, kaunti ya Makueni, kabla ya kufika Sultan Hamud. Malori hupita hapo usiku na mchana yakibeba shehena za nchi nzima. Lakini ukiiacha lami na kuingia vijijini, hesabu ya maisha ni ile ile ya hatua ya pili. Mvua za Oktoba hadi Desemba ndizo tegemeo kubwa la mkulima wa Ukambani. Zikikosa kunyesha, familia huhesabu. Mtungi wa lita 20 ukigawiwa watu watano ni lita nne kila mtu, za kunywa, kupikia na kunawa. Mwanafunzi aliyewahi kufukua mchanga wa mto uliokauka, akangoja maji yajikusanye kidogo kidogo, akayateka kikombe baada ya kikombe, hahitaji mwalimu wa kumweleza taharuki ya The Martian. Anahitaji mwalimu wa kumwambia kwamba anachokijua ni ujuzi wa mhakiki.

Tusipotoshe ulinganisho huu, lakini. Hatusemi kwamba Ukambani ni Mirihi. Hasha! Mirihi haina jirani, Ukambani ina. Hii ndiyo tofauti itakayotusaidia tukifika kwenye dhamira.

Mhusika: maarifa na uadilifu

Watney ni mtaalamu wa mimea. Chakula alichoachiwa hakimtoshi mpaka ujumbe mwingine ufike, kwa hiyo anapanda viazi ndani ya makazi yake kwa kutumia udongo wa Mirihi na kinyesi cha binadamu kuwa mbolea. Maji ya kunyweshea hana, basi anayatengeneza kwa kutenga haidrojeni kutoka kwa mafuta ya chombo na kuichoma. Jaribio la kwanza linamlipukia. Baadaye makazi yake yanapasuka na mimea yote inaganda. Mhusika huyu hujengwa kwa vitendo zaidi kuliko maneno, na hata ucheshi wake tunapaswa kuuhakiki: hauonyeshi kwamba haogopi, unaonyesha jinsi anavyoizuia hofu isimtawale.

Hapa mwalimu anaweza kuwaomba wanafunzi watafute mfano wa Ukambani wa "kubuni". Mifano ipo. Upo mtaro wa "fanya juu," ambao mkulima huuchimba kwa kukingama mteremko na kuutupa udongo upande wa juu, ili maji ya mvua yasikimbie na rutuba isichukuliwe. Kuna pia bwawa la mchanga: ukuta hujengwa kukatiza mto wa msimu, mafuriko hujaza mchanga nyuma yake, na maji hubaki yamejificha kati ya chembe za mchanga ambako jua haliyafikii kwa urahisi. Mtu anayeficha maji ndani ya mchanga ili ayakute miezi ijayo ana kipaji kile kile cha Watney. Ila mwenzetu hafanyi peke yake. Ukuta wa bwawa hujengwa na kikundi, mawe yakipita mkono kwa mkono.

Mweke Watney kando ya mhusika mwingine, Dkt. Mann wa filamu ya Interstellar iliyotolewa na Christopher Nolan mwaka 2014. Mann naye yuko peke yake, katika sayari ya barafu isiyofaa kuishi. Kwa kuwa ameshindwa kuustahimili upweke, anatuma habari za uongo kwamba sayari yake inafaa, ili aje kuchukuliwa. Wote wawili wana elimu, wote wawili wanataka kuishi. Kinachowatenga ni uadilifu. Mmoja anahesabu alicho nacho. Wa pili anahesabu maisha ya wenzake kana kwamba ni mali yake. Hili ni jibu zuri kwa swali la ulinganishi wa wahusika, na linaonyesha kwamba mazingira magumu hayamfanyi mtu kuwa mwema au mwovu. Humfichua tu.

Pumzi: hakuna sayari ya pili

Sasa tuingie katika kazi ya Mkenya. Mwaka 2009 Wanuri Kahiu aliandika na kuelekeza filamu fupi ya dakika 21 hivi iitwayo Pumzi. Mwaka uliofuata ilionyeshwa katika tamasha la Sundance, Marekani. Katika filamu hii hakuna roketi wala mwanaanga. Tuko Afrika Mashariki, miaka 35 baada ya vita vya tatu vya dunia, vita vilivyopiganiwa maji. Watu wanaishi ndani ya jumuiya iliyofungwa inayoitwa Maitu. Neno hilo ni la Kikuyu, nalo ni "mama," na filamu yenyewe inalifafanua pia kuwa "ukweli wetu." Nje, kwa mujibu wa wakuu wa jumuiya, hakuna chochote kilicho hai.

Kwa nini tuiweke kazi hii katika kundi la filamu za wanaanga? Kwa sababu Kahiu amechukua kila kipengele cha utanzu huo na kukirudisha duniani. Makazi yaliyozibwa yapo. Jasho na mkojo husafishwa vikanywewa tena, kama wafanyavyo wanaanga. Umeme huzalishwa na watu wenyewe wakifanya mazoezi kwenye mashine. Wahusika hawazungumzi kwa vinywa vyao. Ujumbe hupitia tarakilishi. Sayari ngeni yenye mauti imo pia, ila ni hii yetu.

Mhusika mkuu, Asha, anafanya kazi katika jumba la makumbusho ya viumbe. Siku moja anatumiwa udongo usio na jina la mtumaji. Anaupima, akaona una unyevu mwingi na hauna sumu ya mionzi. Anapanda ndani yake mbegu ya zamani, nayo inaota. Anaomba ruhusa ya kutoka nje kutafuta udongo ulikotoka, lakini baraza linamkatalia. Askari wanamtoa kazini na kumtia kwenye mashine za kuzalisha umeme. Kwa msaada wa mfanyakazi wa usafi anatoroka, anavuka jangwa akiwa na mche wake, na mwishowe anaupanda. Anaumiminia maji yake ya mwisho, anaukamulia jasho lake, kisha anaulalia ili mwili wake uwe kivuli. Kamera inapaa, na pale alipolala mti unakua.

Hebu tuhakiki vipengele vichache:

(a) Anwani. Pumzi ni hewa ya uhai, na neno hilo lina uhusiano na kitenzi kupumzika. Mwisho wa filamu unazibeba maana zote mbili: mti utatoa hewa, na Asha amepumzika.

(b) Ishara. Mche si mmea tu. Ni ukweli ambao baraza lilisema haupo. Ndiyo maana adhabu ya Asha ni kali kuliko kosa lake: kosa lake halisi si kupanda mbegu bali ni kuthibitisha kwamba nje kunaweza kuishika.

(c) Kinaya. Jumuiya inaitwa "mama," lakini inawazuia watu wake hata kuota. Asha anapoota mti, mashine inamwamuru ameze dawa ya kuzuia ndoto. Baraza lililoundwa kulinda uhai limekuwa mlinzi wa ukame.

(d) Matumizi ya ukimya. Watu wasiozungumza ni watu wasiokubaliana wala kubishana. Kimya hiki ni sauti ya utawala.

Turudi kwa maswali yetu mawili. Ni nani anayehesabu maji? Katika The Martian, mhusika anahesabu yake mwenyewe. Katika Pumzi, wakuu wanawahesabia wengine, na anayekuhesabia maji ndiye anayekutawala. Ni nani anayefuatwa akipotea? Kwa ajili ya Watney, wakuu wa anga wa Marekani wanatumia fedha zisizo na idadi, shirika la anga la Uchina linatoa roketi yake, na wenzake wanageuza chombo kumrudia. Kwa ajili ya Asha hakuna anayekuja. Hapa ndipo Kahiu anapoupasua utanzu: badala ya manusura kuokolewa na jamii, manusura anakufa ili kitu kingine kinusurike.

Wanafunzi huuliza kama huo ni mwisho wa huzuni au wa matumaini. Wape nafasi wabishane, kwa sharti kila mmoja atoe ushahidi. Anayesema ni huzuni ataonyesha kwamba mwanamke amebebeshwa peke yake mzigo wa dhambi ya jamii nzima, na kwamba baraza bado limekaa pale pale. Anayesema ni matumaini ataonyesha mti. Msimamo wa makala haya ni kwamba mwisho huo ni lawama. Mti mmoja umegharimu mtu mmoja kwa sababu wengine wote walibaki ndani. Kama wangetoka kumi, Asha asingelazimika kuwa kivuli.

Walenisi: sayari yenye jina letu

Msomaji wa Kiswahili ana kazi nyingine ya kumsaidia, nayo ni ya maandishi. Mwaka 1995 Katama Mkangi alichapisha riwaya ya Walenisi. Mhusika wake, Dzombo, anahukumiwa kifo, anatiwa ndani ya chombo na kurushwa angani. Badala ya kufa, anafika mahali paitwapo Walenisi, ambako watu wanaishi kwa usawa na utu usiofanana na maisha aliyoyaacha. Ukilitamka jina hilo polepole, linajifungua lenyewe: wale ni sisi.

Mtahiniwa afahamu kidogo kuhusu mwandishi. Mkangi, aliyefariki mwaka 2004, alikuwa mwanasosholojia na mhadhiri wa Chuo Kikuu cha Nairobi, na mwaka 1986 aliwekwa kizuizini wakati wa utawala wa Rais Moi. Mtu aliyetengwa na serikali anapoandika juu ya mtu aliyerushwa angani na serikali, hatuwezi kusema kwamba sayari ni kichekesho. Ni jazanda. Hata hivyo, tahadhari: usiigeuze riwaya kuwa wasifu wa mwandishi. Maisha ya mwandishi hutia nuru. Hayachukui nafasi ya matini.

Tazama jinsi Mkangi alivyoipindua hatua ya kwanza. Watney aliachwa kwa bahati mbaya. Asha alitoka kwa hiari. Dzombo alitupwa. Chombo cha anga, ambacho kwingineko ni fahari ya taifa, kwake ni mti wa kunyongea. Tena, sayari ya Mkangi haina kiu; kinachokosekana duniani ndicho kilichojaa huko, nacho ni haki. Kwa hiyo mwandishi anatwambia kwamba ukame una namna mbili: ukame wa maji na ukame wa utu. Wa kwanza unaweza kuletwa na mawingu. Wa pili huletwa na watu.

Kulinganisha kazi tatu

Tukizipanga pamoja, tunapata muhtasari ufuatao:

The Martian inasema: maarifa na ushirikiano humrudisha mtu nyumbani. Udhaifu wake ni kwamba haiulizi kama kila mtu angefuatwa vile.

Pumzi inasema: hakuna nyumba nyingine ya kurudi, iliyopo lazima ipandwe upya, hata kwa gharama kubwa.

Walenisi inasema: sayari bora si ya wengine, ni sisi wenyewe tukiamua kuishi kwa utu.

Wahenga walituachia methali inayofaa hapa: usiache mbachao kwa msala upitao. Filamu nyingi za kigeni hutamani msala upitao, yaani sayari mpya. Kazi zetu mbili zinaukazia macho mbacha, mkeka wetu mkuukuu wenye matundu, ambao ndio tutakaoulalia.

Jibu dhaifu na jibu imara

Tuchukue swali hili: "Eleza umuhimu wa mandhari katika Pumzi." Jibu la kwanza ni hili:

"Mandhari ni jangwani. Kuna mchanga mwingi na jua kali. Asha anatembea jangwani akiwa na mmea. Pia kuna jengo ambalo watu wanaishi. Mwishowe anafika na kupanda mmea."

Mtahiniwa huyu ameiona filamu lakini amesimulia tu. Hakuna neno hata moja juu ya umuhimu. Sasa soma jibu la pili:

"Mandhari imegawanywa pande mbili: ndani ya Maitu ambako kuna maji ya kupimiwa, na nje ambako hakuna maji ila kuna uhuru. Ukuta kati ya pande hizo unaonyesha mamlaka ya baraza. Asha anapouvuka, anabadilisha usalama kwa ukweli. Jangwa, lililotajwa kuwa mfu, ndilo linaloupokea mti. Hivyo mandhari inaikanusha kauli ya watawala."

Jibu la pili ni refu kuliko la kwanza, lakini ubora wake hautokani na urefu. Tofauti ni kwamba kila sentensi inaunganisha kinachoonekana na kinachomaanishwa. Kumbuka kanuni hii: taja, thibitisha, fasiri.

Makosa mengine yanayojirudia ni haya:

(a) Kuchanganya maudhui na dhamira. Uhaba wa maji ni maudhui. Kwamba anayeyamiliki maji huwamiliki watu ni dhamira.

(b) Kusifu mitambo. Mtahiniwa anajaza ukurasa kwa roketi na mavazi ya anga, akamsahau mtu aliye ndani yake.

(c) Kudai kwamba kazi haina uhalisia, kwa hiyo haina mafunzo. Dhoruba inayomwangusha Watney kwa kweli haingekuwa na nguvu hizo katika hewa nyembamba ya Mirihi. Kosa hilo la kisayansi haliubatilishi ukweli wa upweke wake, kama vile sungura wa ngano asemaye haubatilishi ukweli wa ujanja.

Ushauri kwa mwalimu

Shule nyingi hazina projekta, na nyingine umeme wake ni wa kubahatisha. Lisikukwamishe jambo hilo. Simulia Pumzi kama ngano. Ni fupi na ina muundo wa ngano. Kisha wagawe wanafunzi katika makundi ya watano na uwape mtungi mmoja wa lita 20, wa kufikiria tu. Waambie ni wa siku nzima na hakuna mwingine. Waandike watakavyoyagawa maji, kisha kila kundi litaje ni nani aliyeamua, na kama kuna aliyepewa zaidi au aliyepunguziwa, na kwa nini. Baadaye waulize: mwenzenu mmoja akipotea njiani kuelekea mtoni, nani atatumia mgao wake kumtafuta?

Katika darasa la mahali pakavu, zoezi hili halitakuwa mchezo kwa kila mwanafunzi. Wapo ambao nyumbani kwao uamuzi huo hufanywa kila jioni, na mara nyingi hufanywa na mama. Usimlazimishe yeyote kusimulia ya kwao. Waachie wazungumze kupitia kwa Asha; hiyo ndiyo fadhila ya fasihi, kwamba humpa mtu uso wa kuazima asemee yake.

Hitimisho

Tumeona kwamba kisa cha mwanaanga aliyekwama si mgeni wa kufukuzwa darasani. Ni jamaa wa baharia wa kisiwani na wa mtoto wa ngano aliyepelekwa msituni. Sayari humwondolea mhusika kila kitu ili tuone kilichobaki, na kinachobaki huwa ni uhusiano wake na wengine: anawagawia nini, nao wanamthamini kiasi gani. Mtahiniwa unayesoma makala haya, ukiwa umewahi kuihesabu lita ya maji, usijione umechelewa katika fasihi. Umeingia na ushahidi mkononi. Kazi iliyobaki ni kuupa istilahi zake.

Maswali ya marudio

1. "Mandhari ni mpinzani." Jadili kauli hii ukirejelea kazi yoyote uliyosoma au kutazama. (alama 20)

2. Linganisha namna mhusika mkuu anavyotengwa katika The Martian, Pumzi na Walenisi. Tofauti hizo zinaathiri vipi dhamira? (alama 20)

3. (a) Fafanua kinaya kilichomo katika jina Maitu. (alama 6)
(b) Eleza ishara ya mche na ya jasho katika mwisho wa Pumzi. (alama 8)
(c) Je, mwisho huo ni wa matumaini? Tetea msimamo wako. (alama 6)

4. Tunga kisa kitakachoanza kwa maneno: "Mtungi ulibaki na maji ya mtu mmoja, nasi tulikuwa wanne…" (alama 20)